Kiwanda cha Kalokol na Mvuvi Asiyetajirika

Kampeni zikianza Turkana, kiwanda cha samaki cha Kalokol hufufuka majukwaani. Mwanasiasa hukitaja, hupigiwa makofi, hushuka. Kaskazini zaidi, kwenye ufuo huo huo wa Ziwa Turkana, wavuvi wa Lowarengak huendelea kumuuzia samaki mchuuzi yule yule aliyewakopesha nyavu.

Kiwanda hicho kilijengwa kwa fedha za Norway. Mpango ulianza mapema miaka ya 1970, jengo likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Majokofu yalidai umeme mwingi na maji safi, vitu haba jangwani, na kazi ya kugandisha samaki ikasimama upesi. Vyombo vya habari vya ng'ambo hukiorodhesha na miradi ya misaada iliyofeli Afrika, gharama ikitajwa kuwa dola milioni 22. Lawama huishia kwa wenyeji: eti Waturkana ni wafugaji, samaki hawawajui.

Huo ni uzushi. Waturkana wasio na mifugo ya kutosha walikuwa wakivua kwa matenga ya kusuka kwenye maji mafupi, na kwa vyelezo vya magogo ya mikoma, kabla mfadhili yeyote hajafika. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulipowamaliza mbuzi na ng'ombe, wengi zaidi wakajiunga nao kwenye Ghuba ya Ferguson. Mwaka 1976 ziwa lilitoa takriban tani 17,000 za samaki. Asiyewajua samaki havui tani hizo. Katikati ya miaka ya 1980 maji yalipungua, ghuba ikakauka, na ngege wakapotea nayo.

Kilichofuata ni kisa cha siasa. Koigi wa Wamwere, mbunge wa zamani wa Nakuru Kaskazini, alikuwa mkimbizi nchini Norway tangu 1986. Oktoba 1990 akajikuta mikononi mwa polisi wa Kenya. Serikali ilisema amekamatwa Nairobi. Mwenyewe alisema ametekwa Uganda na kuvushwa mpaka. Akashtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kitanzi. Balozi wa Norway akafika mahakamani kufuatilia kesi, na serikali ya Rais Moi ikaona imeingiliwa nyumbani kwake. Mwezi haukuisha: Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway, na Wanorway wakafungasha virago. Ugomvi ulikuwa wa Nairobi na Oslo, lakini aliyepigwa zaidi ni Turkana, ambako Norway ilikuwa imegharamia hata barabara ya Kitale hadi Lodwar. Koigi aliachiliwa Januari 1993, na mwaka uliofuata mataifa hayo yakapatana. Kalokol haikurudishiwa kilichopotea.

Tangu hapo ni miaka ya kukopa na kulipa. Vijana wanaoingia ziwani usiku mara nyingi hawamiliki mashua wala nyavu. Asubuhi samaki hupasuliwa, hupakwa chumvi na kuanikwa juani. Kabla mvuvi hajashika senti, mwenye mashua amechukua fungu lake, mafuta ya injini yamekatwa, deni la nyavu limekatwa. Kinachobaki wanagawana mabaharia wote. Bila barafu mvuvi hawezi kungoja bei ipande; bila mtaji hawezi kumkataa aliyemkopesha. Lori huondoka kuelekea Kitale, mzigo mwingine ukifika hadi Kongo, na bei hupanda kila unapobadilisha mikono. Kazi ipo, na ni ngumu. Njaa nayo ipo.

Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992, ina sura yake ya jambo hilo hilo. Mkimbizi anayefundisha darasa hulipwa kile kinachoitwa motisha, pungufu sana ya mshahara wa mwalimu Mkenya aliye jirani naye, kwa sababu kibali cha kazi ni shida kukipata. Nje ya kambi, mama wa Kiturkana huchoma makaa akayabadilisha kwa unga wa mgao.

Huko ziwani kuna hatari pia. Februari 2025 wavuvi wa Turkana walishambuliwa upande wa Todonyang, karibu na mpaka wa Ethiopia, na baadhi yao hawakurudi makwao.

Basi kaunti isianze na ukarabati wa jengo la Kalokol. Ianze Lowarengak: mashine ya barafu, mizani ya umma ufuoni, mkopo wa nyavu usiomfunga mvuvi kwa mnunuzi mmoja, na ulinzi wa maji yenyewe.