Ardhi kwa Ardhi: Msimamo wa Kakamega Siku za Dhahabu

Amalemba ni mtaa wa mji wa Kakamega, na si mbali nao kuna Rosterman, ambako kampuni ya kigeni ilichimba dhahabu tangu katikati ya miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1952. Kampuni ilikwenda zake, jina likabaki, na mpaka leo wapo akina mama wanaoponda mawe na kuosha mchanga kwenye karai wakitafuta chembe zilizosazwa. Simulizi za dhahabu hiyo, kila zinapoandikwa, huwa za wageni walioifuata: nani aliigundua, nani alitajirika, nani alifilisika. Wenyeji huingizwa kama vibarua, au kama watu wabishi waliopinga maendeleo kwa sababu hawakuyaelewa. Mimi naona kinyume chake. Waliokielewa barabara kilichokuwa kikitendeka ni hao wenyeji, na kile kilichoitwa ubishi kilikuwa msimamo wa watu waliopewa ahadi, wakaikariri, wakadai itimizwe kama ilivyoandikwa.

Ahadi yenyewe ilikuja baada ya machungu mengi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 ilikuwa imeiweka ardhi ya Waafrika katika miliki ya mfalme wa Uingereza. Mwaka 1920 Kenya ikatangazwa koloni, na mwaka uliofuata Jaji Mkuu Jacob Barth akaamua kwamba Mwafrika hana umiliki wa ardhi ambao mahakama inaweza kuulinda. Ni mpangaji tu, anayekaa kwa hiari ya mfalme. Desemba 1921 wanachama wa Young Kavirondo Association (Kavirondo ndilo jina la kikoloni la eneo la Nyanza, Kakamega ikiwamo) walikutana Lundha, na miongoni mwa madai yao ilikuwamo hati ya kumiliki ardhi. Mwaka 1923 Walter Owen, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa na cheo cha Archdeacon huko Kavirondo, aliuelekeza mwamko huo kwenye chama cha walipa kodi ambacho silaha yake ilikuwa barua na risala. Kwa hiyo ilipotoka sheria ya amana ya ardhi za wenyeji mwaka 1930, watu walikuwa wameingoja kwa muda mrefu. Ilitamka kwamba maeneo yaliyotengwa ni ya wenyeji milele. Kipande kikitwaliwa, serikali itatoa kipande kingine chenye ukubwa uleule, na Baraza la Wenyeji litaarifiwa kwanza.

Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani aitwaye L. A. Johnson aligundua dhahabu Kakamega. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya: uchumi wa dunia umedorora, bei ya mahindi imeanguka, nzige wameshambulia mashamba. Mamia ya Wazungu waliokuwa wamezongwa na madeni walifunga mizigo wakaja kupiga hema. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kwao na wa kuogofya kwa mwenye boma. Mtu akiwa na leseni, akipendezwa na mahali anasimamisha vigingi pembeni, na kuanzia hapo ana haki ya kufukua. Lakini Kakamega haikuwa nyika. Ndani ya vigingi hivyo mlikuwa na migomba, mtama, njia ya kwenda mtoni, na makaburi ya wazee. Handaki la kutafutia mwamba wa dhahabu likipita kwenye shamba, udongo wa chini hutupwa juu ya ule wenye rutuba, na fidia ya mazao ya msimu mmoja haiwezi kuurudisha udongo huo ulivyokuwa.

Ndipo Desemba 1932, chini ya Gavana Joseph Byrne, Baraza la Kutunga Sheria lilipoirekebisha ile sheria ya 1930. Ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya madini sasa ingelipwa kwa fedha badala ya ardhi, na sharti la kuliarifu Baraza la Wenyeji likaondolewa. Sheria iliyoahidi milele haikutimiza hata miaka 3.

Waliokataa walikataa jambo gani hasa? Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Katika desturi za Abaluhya ardhi ni ya ukoo, na mgeni ana nafasi yake inayojulikana. Huitwa omumenya. Mtu akija akiomba mahali pa kukaa, wenyeji humpa shamba, naye hulima, huvuna na kuheshimiwa. Asichoweza ni kuigeuza ardhi hiyo kuwa yake au kumpa mtu wa tatu. Günter Wagner, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyefanya utafiti katika wilaya ya Kavirondo Kaskazini, ilimokuwa Kakamega, katika miaka hiyohiyo ya 1930, aliukuta mpango huu ukifanya kazi. Watu wenye desturi kama hiyo hawawezi kusemwa kuwa hawamtaki mgeni. Wana mlango maalumu wa kumwingizia. Walichokataa ni mgeni anayeingia bila kubisha hodi, akaondoka na kiwanja, akaacha noti mezani. Noti huisha, mtoto atakayezaliwa keshokutwa atapewa nini?

Ushahidi mwingine uko katika namna walivyodai. Mkaidi wa kawaida hurudia tendo moja hata linapomshinda. Watu wa Kakamega walibadilisha njia kila mara na kubakiza dai lilelile. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter ilipokusanya ushahidi, machifu, wazee wa koo na vijana wa vyama walizungumza mbele yake. Vijana waliosoma katika shule za misheni, wakiwamo Andrea Jumba, Lumadede Kisala, Erasto Ligalaba na John Adala, waliunda North Kavirondo Central Association, na suala la ardhi ya dhahabu ndilo lililowapa wafuasi. Chama hicho kilipigania pia jina moja la Abaluhya kwa koo na makabila ambayo serikali ilikuwa ikiyaita kwa jina la wilaya tu, Kavirondo Kaskazini. Sidhani kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati. Vigingi havikuuliza kama shamba ni la Mwisukha, Mwidakho au Mtsotso.

Atakayepinga atasema kwamba maelfu ya watu hao hao walikwenda kuchimba kwa mshahara, kwa hiyo msimamo wao ulikuwa wa maneno. Hoja hii inachanganya kazi na ardhi. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa shilingi, na mgodi uliokuwa jirani ulimwepusha mtu na safari ya mashamba ya walowezi. Kupokea mshahara wa Rosterman na kukataa kuuza shamba la babu havigongani hata kidogo. Kinyume chake, mshahara ulisaidia shamba lisiuzwe. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba kelele zilizosikika London zilikuwa za Owen, na za Lord Lugard, mtawala mstaafu wa makoloni ya Uingereza barani Afrika, aliyeyalaumu marekebisho ya 1932 hadharani, wala si za wenyeji. Ni kweli bila watu hao Bunge la Uingereza lisingejadili suala hili mwanzoni mwa 1933. Lakini Owen alikuwa amekaa Nyanza miaka mingi akisikiliza mikutano. Mjumbe hawezi kuchukua nafasi ya aliyemtuma, hasa pale ujumbe unapolingana na madai yaliyokwisha kutolewa Lundha miaka 11 nyuma.

Lipo na la tatu: kwamba walishindwa. Marekebisho yalipita, Rosterman ilichimba hadi 1952, na chama cha akina Jumba kilikoma mwaka 1940 wakati wa vita. Siwezi kulipuuza. Walioporwa mashamba hawakurudishiwa kwa sababu tu mtu fulani alihutubia London, na mwandishi anayeugeuza msiba wao kuwa ushindi anawakosea mara ya pili. Ila kushindwa kwenye kura ya Nairobi hakuthibitishi kwamba dai lilikuwa la kijinga. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inataka ridhaa ya mwenye ardhi ya kibinafsi kabla ya haki ya kuchimba kutolewa juu yake, na imetenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii ya eneo husika, 20 kwa kaunti na 70 kwa serikali kuu. Kuulizwa kwanza ndicho Baraza la Wenyeji lilichonyang'anywa Desemba 1932. Ardhi kwa ardhi, ile nusu ya pili ya dai, bado haimo katika mgao huo, na kampuni zimerudi Kakamega na mitambo ya kutoboa miamba katika vijiji vya Ikolomani, ambako familia zinazoombwa kuhama zinauliza swali lilelile: zitapelekwa wapi.