Milio, Namba na Ukimya: Historia ya Uchunguzi wa Kompyuta Isiyowaka

Kompyuta inapowashwa, kumbukumbu yake ya kazi, yaani RAM, ambayo hufutika kila umeme unapokatika, huwa haina kitu, na prosesa haiwezi kupiga hatua hata moja bila kupewa maagizo. Ni lazima basi maagizo ya kwanza yatoke mahali pengine, na kila kizazi cha kompyuta kimekuwa na jibu lake kuhusu mahali hapo. Uwezo wa fundi wa kutambua kwa nini mashine haiwaki umepanda na kushuka kwa kadiri watengenezaji walivyokubali kumwonyesha yanayotendeka katika sekunde hizo za mwanzo.

Katika Altair 8800, iliyotangazwa Marekani mnamo Januari 1975, maagizo hayo yalitoka mikononi mwa mtumiaji mwenyewe. Alipandisha na kushusha swichi zilizopangwa kwenye uso wa mashine, akiingiza baiti moja baada ya nyingine mpaka itimie programu fupi ya kupakia, ambayo kazi yake ilikuwa kusoma programu kubwa zaidi kutoka kwenye utepe wa karatasi. Mwandishi wa programu Paul Allen aliandika programu ya namna hiyo akiwa ndani ya ndege iliyokuwa ikimpeleka Albuquerque, kwa watengenezaji wa Altair, kuwaonyesha lugha ya programu ya BASIC aliyoiandaa pamoja na mwenzake Bill Gates. Kazi hiyo ilichosha, na umeme ulipokatika ilibidi irudiwe tangu mwanzo. Hata hivyo taa ndogo zilizokuwa juu ya swichi zilionyesha anwani na data zilizokuwa zikishughulikiwa, kiasi kwamba aliyeijua mashine vizuri aliweza kuona ilipokwama.

IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo ya 5150 tarehe 12 Agosti 1981, swichi na taa hizo zilikuwa zimetoweka. Maagizo ya kwanza yaliwekwa katika kumbukumbu ya kudumu, yaani chipu isiyofutika umeme unapokatika, nayo yaliitwa BIOS, programu ya msingi inayounganisha mfumo wa uendeshaji na vifaa. Prosesa ya Intel 8088 ilianza kusoma katika anwani iliyo baiti 16 tu kabla ya mwisho wa megabaiti yake moja, na hapo ilikuta agizo la kurukia jaribio la kujikagua, ambalo hadi leo hujulikana kwa kifupi chake, POST. Jaribio hilo liliikagua kwanza prosesa yenyewe, kisha likasonga hatua kwa hatua hadi kumbukumbu, kibodi na kiendeshi cha disketi. Mambo yakiwa sawa, spika ililia mara moja kwa kifupi. Hitilafu ikigunduliwa, skrini ilionyesha namba, 201 ikiwa ya kumbukumbu, 301 ya kibodi na 601 ya disketi. Tarakimu zilizotangulia 201 zilitaja safu ya chipu na biti iliyokosea, hivyo fundi alijua ni chipu ipi mbovu miongoni mwa dazeni kadhaa zinazofanana kabisa kwa macho. Na kwa kuwa namba hazina faida pale ambapo sehemu ya kuzionyesha ndiyo iliyoharibika, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ulimaanisha kasoro katika kadi ya picha, huku ukimya mtupu ukimwelekeza fundi kwenye ugavi wa umeme au ubao mama, yaani ubao unaobeba prosesa na kuunganisha vifaa vyote. Ulikuwa usanifu wenye heshima kubwa kwa mtu ambaye angekuja kuitengeneza mashine baadaye.

Kilichoujenga ufundi wa kompyuta kuliko hata milio yenyewe ni kwamba IBM ilichapisha, katika mwongozo wake wa kitaalamu, michoro ya saketi pamoja na BIOS nzima mstari kwa mstari, ikiwa na maelezo ya kila hatua. Hakimiliki ilibaki mikononi mwake, ndiyo maana kampuni za Compaq, na baadaye Phoenix Technologies mnamo 1984, ziliandika BIOS zao kwa kutumia waandishi wa programu waliotengwa kabisa na msimbo wa IBM. Mashine za kampuni mbalimbali zikawa na tabia moja, na fundi aliyejifunza moja akazimudu nyingine, ingawa lugha ya milio iliachana: Phoenix iliipanga katika mafungu yaliyotenganishwa na kimya kifupi, na AMI, kampuni nyingine ya BIOS, ikaihesabu mfululizo. PC/AT ya mwaka 1984 ilituma pia namba ya kila hatua ya POST kwenye mlango wa data uitwao 80, na kadi ndogo zenye tarakimu mbili zikabuniwa ili kuzisoma namba hizo.

Kompyuta mpakato iliufunga mlango huo. Nafasi ya kuchomeka kadi haikuwapo, na kati ya kitufe cha kuwashia na prosesa pakaingia chipu nyingine, kidhibiti cha ndani, kinachosimamia betri, chaja, kibodi na ruhusa ya kuwasha. Katika mashine nyingi chaja huleta takriban volti 19, ambazo ubao huzipunguza kuwa volti 5 na 3.3 zinazokuwapo hata mashine ikiwa imezimwa. Kitufe kikibonyezwa, kidhibiti huamuru njia nyingine za umeme zifunguke kwa mfuatano maalumu hadi ile ya prosesa yenye takriban volti moja. Njia moja ikikosekana, mfuatano husimama na POST haianzi kabisa, kwa hiyo hakuna mlio wala namba. Watengenezaji walijaribu kuziba pengo hilo kwa taa: Dell hutumia taa ya betri na HP taa za kibodi, zikipepesa kwa idadi inayotaja kasoro. Desturi ya kuondoa chaja na betri, kisha kushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa, nayo ina sababu ya kweli, kwani humaliza chaji iliyobaki kwenye kapasita na kukilazimisha kidhibiti kilichoganda kuanza upya.

Yaliyobaki hupimwa kwa multimita na kwa kifaa cha kugawa umeme kinachoonyesha ni ampea ngapi ubao unavuta, maana kiasi hicho hufichua mfuatano ulipofikia. Ujuzi huo ulihitajika sana baada ya Julai 2008, kampuni ya Nvidia ilipotangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za picha za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa kwa sababu ya udhaifu wa viungo na malighafi ya ufungaji, hali iliyoacha mashine nyingi zikiwaka taa bila picha.

Sheria ya California iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 inawataka watengenezaji watoe vipuri, zana na maelezo ya ukarabati kwa mafundi wa nje, kwa miaka 7 ikiwa kifaa kinauzwa dola 100 au zaidi. Ni hatua ya kurejea kwenye uwazi wa 1981, lakini haimfikii kisheria fundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, ambaye hupokea mashine zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani, na ambaye bado hutegemea michoro inayopita mkono kwa mkono baina ya mafundi.