Sebule na Meko: Ugawaji wa Nafasi katika Nyumba ya Kihaya, Buganguzi, Wilaya ya Muleba

Maelezo ya historia ya makazi ya Wahaya kwa kawaida huanza na umbo: nyumba ya msonge, yaani omushonge, ikaondoka, nyumba ya pembe nne, ya tofali na bati, ikaingia. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaacha swali ambalo mtu aliyekulia Buganguzi halikwepi: jiko lilikwenda wapi? Insha hii inadai kwamba pamoja na umbo, nafasi pia iligawanywa upya. Mgeni alipewa sehemu ya ndani, na mpishi akatolewa nje. Kwa hiyo familia inayoacha sebule yake leo ili ipate jiko kubwa haiigi mtindo wa mjini tu. Inafungua upya shauri la zamani.

Paa la nyasi la msonge lilishuka hadi karibu na ardhi. Ndani, sakafu ilitandikwa nyasi, na vizuizi viligawanya mahali pa kulala, pa mifugo na pa kuketi. Meko ya mafiga matatu, ambayo Kihaya huyaita amaiga, yalikuwa chini ya paa hilohilo. Moshi wake ulikausha kuni na vyakula vilivyowekwa juu ya moto, ukafukuza wadudu walao paa. Mgeni aliyekaribishwa kwa kahawa ya kutafuna aliketi hatua chache kutoka kwa anayepika. Haimaanishi kwamba hapakuwa na mipaka baina ya mwanamume na mwanamke, au baina ya mkubwa na mdogo. Ilikuwepo, na kila mmoja alijua mahali pake pa kukaa. Lakini iliwekwa ndani ya nyumba moja yenye moto mmoja. Haikosi sababu kwamba Brad Weiss, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Wahaya, aliyapa meko na chakula uzito mkubwa katika kuyaeleza maisha yao.

Nyumba ya pembe nne ilikuja na mamlaka. Wajerumani waliweka kituo Bukoba mwaka 1890. Wamisionari wa Afrika walifika Kashozi mwaka 1892, na Walutheri wa Bethel wakafuata mwaka 1910. Nyumba za maofisa na za misheni zilikuwa na chumba cha mbele cha kupokelea watu, huku jiko likiwa banda la peke yake nyuma ya nyumba. Mpango huo ulikuwa na mantiki yake: ulihofia moto, ulichukia harufu, na zaidi ya yote ulimchukulia mpishi kuwa mtumishi wa kuajiriwa. Watawala wa jadi waliujenga mapema. Fedha za kahawa zilipoongezeka baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na kisha wakati wa chama cha ushirika cha BNCU kilichoundwa mwaka 1950, wakulima wa kawaida nao wakanunua bati na kuinua kuta za tofali.

Hapa ndipo, kwa maoni ya mwandishi, jambo kubwa lilipotendeka bila kutajwa. Ramani ilichukuliwa nzima, lakini mtumishi hakuwemo. Nafasi yake nyuma ya nyumba ilijazwa na mke, na baadaye na binti na mkwe. Mbele kukawa na viti vyenye vitambaa vya kufuma, picha ukutani na mlango unaofungwa. Nyuma, kibanda cheusi kwa masizi ambamo mtu huinama kuingia. Mwaka 1926 mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky alisanifu jiko dogo la Frankfurt kwa makusudi, ili hatua za mpishi zipungue. Udogo wa jiko la Buganguzi haukutokana na hesabu ya hatua za mtu yeyote. Kazi yenyewe hudai uwanja: mkungu wa ndizi huletwa mzima kutoka kibanjani, huketiwa na watu wawili au watatu wenye visu, na maganda hutaka mahali pa kulundikwa kabla ya kurudishwa migombani.

Hata hivyo sebule isidharauliwe. Ndimo washenga walimopokelewa na mahari kupangwa, na ndimo jeneza lilimowekwa usiku wa mwisho. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini kutambuliwa Kagera mwaka 1983, matumizi hayo ya pili yaliyazidi mengine katika nyumba nyingi, na mabibi wakabaki na wajukuu wa kuwapikia.

Nyumba ya bibi mzaa baba wa mwandishi ilipasuka katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu 17 mkoani. Ukuta wa nyuma wa sebule ulilazimika kubomolewa. Wanawe walitaka uinuliwe palepale. Bibi alitaka usogezwe mbele, ili sebule yote iwe jiko na wageni waketi barazani. Mwana mkubwa aliuliza kwa adabu, lakini kwa uchungu: “Mama, sasa siku yako sisi tutakulaza wapi?” Bibi alijibu kwamba watu wa matanga hukaa nje chini ya turubai hata hivyo, na kwamba yeye hataona tabu kulala jikoni usiku mmoja, ikiwa amekaa humo miaka hamsini. Shauri lilichukua miezi mitatu. Ukuta ulisogezwa, lakini mwana huyo alidai mlango mpana wa mbele ubaki, nao umebaki.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mtungi wa gesi huingia ndani bila kuchafua ukuta. Katika jiko hilo gesi huchemsha chai na kupasha maharage. Ndizi za watu kumi bado hupikwa kwa kuni, juu ya mafiga yaliyojengwa upande wa iliyokuwa sebule, chini ya dohani, pale makochi yalipokuwa.