Baiskeli ya bei mbaya: je, inalipa? Historia kutoka Nottingham

Kuna kijana mmoja wa kwetu ameingia hapa Uingereza miezi michache iliyopita na amepata kibarua cha kubeba boksi kwenye ghala nje ya mji. Zamu inaanza alfajiri, muda ambao mabasi ya kutegemea hakuna. Anahitaji baiskeli. Kaniuliza hivi: "Kaka, supamaketi naona mpya kwa pauni 120, dukani wananitajia pauni 450. Hiyo tofauti ni ya nini? Si zote zina magurudumu mawili?"

Swali lake si la mchezo. Pauni 330 kwa mtu anayelipa chumba, anayetuma hela ya ada za wadogo zake na bado ana deni la nauli ya ndege, ni pesa nyingi. Kwa hiyo sikutaka kumjibu kwa mkato. Bahati nzuri naishi Nottingham, na watu wa mji huu wamekuwa wakibishana juu ya swali hilo hilo tangu karne ya 19. Twende nalo taratibu.

Baiskeli tunayoijua sisi, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mwaka 1885 kule Coventry, kwa fundi John Kemp Starley. Aliiita Rover. Kabla ya hapo watu walipanda lile dude lenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ambalo ukianguka unatangulia kichwa. Miaka hiyo hiyo, hapa Nottingham kwenye mtaa wa Raleigh Street, palikuwa na karakana ndogo ya baiskeli. Tajiri mmoja, Frank Bowden, aliyeshauriwa na daktari apande baiskeli kwa ajili ya afya yake, aliipenda mashine ya pale hadi akainunua biashara yenyewe. Kampuni ya Raleigh ikazaliwa mwaka 1888. Kufikia 1896 ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote duniani, ikitoa takriban baiskeli 30,000 kwa mwaka.

Sasa angalia bei. Baiskeli nzuri ya miaka ya 1890 iliuzwa pauni 10 hadi 30, wakati kibarua wa kawaida alipata kama pauni moja kwa wiki, na wengi chini ya hapo. Mwaka 1896 matajiri waliigombania kama njugu, viwanda vikafumuka kila kona, halafu 1897 soko likaporomoka. Bei zikashuka, na hapo ndipo mfanyakazi akaanza kuingia kwenye mchezo. Hilo ni somo la kwanza: sehemu ya bei ya kitu kipya ni fasheni tu. Ukisubiri kidogo unakipata kwa nusu.

Lakini si kila kilichokuwa ghali kilikuwa fasheni. Chukua tairi. Kabla ya 1888 baiskeli zilikuwa na mpira mgumu usio na upepo, na barabara za mawe zilikuwa zinatingisha mifupa. Mwaka huo John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, akapata hataza ya tairi la kujazwa upepo, baada ya kulijaribu kwenye kibaiskeli cha mwanawe. Mskoti Robert Thomson alikuwa amelifikiria wazo hilo tangu 1845, ila hakukuwa na baiskeli za kulitumia. Watu waliyacheka matairi ya Dunlop, manene na ya gharama. Mwezi Mei 1889 Willie Hume akayafunga kwenye baiskeli yake akaenda kwenye mashindano Belfast, akawashinda wote. Kicheko kikaisha siku hiyo. Miaka michache baadaye mpira mgumu ulikuwa umeshapitwa kabisa.

Viko vingine vya namna hiyo. John Boultbee Brooks wa Birmingham alifiwa na farasi wake, akaazima baiskeli, kiti kikamuumiza vibaya mno. Mwaka 1882 akapata hataza ya kiti chake cha ngozi. Mpaka leo viti vya Brooks vinatengenezwa eneo hilo hilo, na vikitunzwa vinakaa miaka na miaka. Mwaka 1897, tena Birmingham, Alfred Reynolds alipata hataza ya bomba la chuma lenye kuta nene kwenye ncha, ambako viungo vinabeba nguvu, na nyembamba katikati. Fremu ikawa nyepesi bila kupungua nguvu. Na mwaka 1902 ikaja gia tatu za Sturmey-Archer, chini ya Raleigh hao hao. Gia zote zimefungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu, mvua na tope havizifikii. SunRace wa Taiwan waliinunua Sturmey-Archer mwaka 2000, na gia tatu za ndani ya kitovu bado wanazitengeneza.

Hivyo vyote vilikuwa ghali kuliko vya wenzao, na vyote vilikuwa na sababu: tairi linapunguza mtikisiko, kiti kinabeba mwili, bomba linapunguza uzito, gia inakingwa na uchafu. Muuzaji aliweza kumweleza mteja kwa sentensi moja anacholipia.

Haya, sasa tusikilize upande wa pili, maana ukisikiliza Raleigh peke yao utafilisika. Birmingham kulikuwa na kampuni inaitwa Hercules, ya Edmund Crane. Huyu bwana falsafa yake ilikuwa moja: tengeneza nyingi sana, uza kwa bei ya chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Hercules ya kawaida ilipatikana kwa chini ya pauni 4. Wenye Raleigh waliwabeza wenye Hercules, lakini watu waliendea kazini asubuhi na kurudi jioni, mamilioni yao. Mwaka 1939 Marguerite Wilson, mwanamke aliyelipwa na Hercules kuendesha baiskeli, alitoka Land's End mpaka John o'Groats, yaani pembe hadi pembe ya Uingereza, kwa siku 2, saa 22 na dakika 52. Kweli baiskeli yake haikuwa ile ya dukani ya pauni 4. Lakini jina la bei nafuu halikuizuia rekodi.

Mwaka huo huo kulikuwa na Tommy Godwin. Huyu alipanda baiskeli mwaka mzima, kuanzia Januari mosi mpaka Desemba 31, akafikisha maili 75,065. Hizo ni zaidi ya kilomita 120,000, wastani wa kilomita 330 kila siku, na miezi ya mwisho ni wakati wa vita, taa zikiwa zimezibwa kuogopa ndege za Wajerumani. Alianza na baiskeli ya duka la Ley, akamalizia na Raleigh ya chuma yenye gia nne za Sturmey-Archer, uzito wake zaidi ya kilo 13. Rekodi yake haikuvunjwa mpaka Januari 2016. Hebu mwulize anayekuambia bila fremu ya kaboni ya kilo 8 huwezi kwenda kazini, yeye anafanya kilomita ngapi kwa mwaka?

Na sisi je? Raleigh ilifika kwetu Afrika Mashariki kwa meli. Lile tangazo lao la Mwafrika akikanyaga pedali huku simba anamfukuza nyuma wengi mmeliona, limeandikwa kuwa baiskeli ni ya chuma kitupu. Picha ile ina dharau za kikoloni ndani yake, sikatai. Ila baiskeli yenyewe ilitufaa. Ilikuwa nzito, lakini ilibeba mkungu wa ndizi, gunia la mkaa na mgonjwa kwenye keria. Zaidi ya yote, fundi chini ya mwembe aliweza kuifungua na kuifunga kwa spana mbili na nyundo, na spoku, gololi na tyubu zilipatikana sokoni. Kwangu mimi hapo ndipo ubora ulipo. Kitu bora ni kile kinachotengenezeka kikiharibika.

Raleigh wenyewe waliyumba. Mwaka 1951 walitoa zaidi ya baiskeli milioni moja, nyingi zikienda nje ya nchi. Baadaye magari yakawa mengi, koloni zikapata uhuru na masoko yake, viwanda vya Asia vikaja na bei ambazo Nottingham haikuziweza. Mwaka 2002 kiwanda kikafungwa. Sehemu ya eneo lake sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Nottingham, na wanafunzi wengi wanaopita pale, wakiwemo wa kwetu, hawajui wanakanyaga nini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo wahenga walivyosema, ila Nottingham kizuri kilishindwa kujiuza.

Basi kijana nimemjibu hivi, na nyie mnaweza kunisahihisha.

Baiskeli mpya ya bei ya chini kabisa, yenye springi mbele na nyuma, iache. Springi nzuri ni ghali. Kwa bei ile lazima wamebana mahali, na walipobana ni kwenye breki, beringi na magurudumu. Kwa hela hiyo hiyo tafuta ya mkononi iliyokuwa nzuri tangu mwanzo, bila springi, yenye rimu za alumini. Rimu za chuma zenye krome zikilowa breki hazikamati, na hapa mvua haiombewi dua.

Kisha ongeza hela penye sababu. Kwanza matairi yenye ukanda wa kuzuia miiba na vioo, kwa sababu pancha moja alfajiri ni zamu imekwenda. Pili kufuli lenye alama ya Sold Secure, maana baiskeli nzuri yenye kufuli bovu ni sadaka kwa mwizi. Tatu taa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Usiku ni sheria.

Usiongeze hela penye jina tu. Kofia zote zinazouzwa kihalali hapa lazima zifikie kiwango, EN 1078 kikiwa ndicho cha kawaida, kwa hiyo ya bei nafuu inayokukaa vizuri kichwani inatosha. Cheni nunua ya kawaida, ibadilishe mapema kabla haijala meno ya gia. Na uzito usikutishe: mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 15 ni kilo 90. Akinunua ya kilo 9 kwa mamia ya pauni zaidi, amepunguza chini ya asilimia 7 ya mzigo, na faida hiyo ataiona mlimani tu. Kwenye tambarare adui yake ni upepo.

Kwa hesabu hiyo hatazifikia zile pauni 450, na zitakazobaki ziende kwenye ada za wadogo zake.

Nawasilisha. Wenzangu wa Oman, Minnesota na kwingineko, huko mliko baiskeli mnanunuaje?