Mke Serikalini, Mume Upinzani

Agosti 1963, bunge la India lilijadili hoja ya kwanza ya kutokuwa na imani na serikali tangu uhuru. Mtoa hoja alikuwa J. B. Kripalani, aliyewahi kuwa rais wa chama cha Congress, sasa mpinzani mkali aliyemlaumu Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru kwa kushindwa vita na China mwaka uliotangulia. Hoja ilianguka. Oktoba mwaka huohuo, Congress ikamkabidhi mke wa Kripalani, Sucheta, jimbo la Uttar Pradesh lenye watu zaidi ya milioni 70. Hakuna mwanamke mwingine India aliyekuwa amewahi kuwa waziri kiongozi wa jimbo.

Anayedhani Sucheta alipanda kwa mgongo wa mumewe atafakari tena: mwaka ule jina la Kripalani lilikuwa mzigo ndani ya Congress.

Alizaliwa Ambala mwaka 1908, akafundisha historia Chuo Kikuu cha Banaras. Gandhi mwenyewe aliipinga ndoa yao ya 1936, akihofia kumpoteza msaidizi wake Kripalani. Wakaoana hivyohivyo. Mwaka 1946, Wahindu na Waislamu wa Noakhali, Bengal, walipoingia katika machafuko ya damu, Sucheta alikwenda kuhudumia walionusurika. Alikuwa miongoni mwa wanawake wachache wa Bunge la Katiba, na usiku wa Agosti 14, 1947, aliwaimbia wajumbe wimbo wa Vande Mataram.

Uchaguzi wa 1952 aligombea New Delhi kwa tiketi ya chama kipya cha mumewe, akamshinda mgombea wa Congress, mwanamke wa ukoo wa Nehru. Kufikia 1957 alikuwa amerudi Congress, na jimbo lilelile la uchaguzi likamchagua tena. Mume akabaki upinzani. Nyumba moja, kambi mbili.

Cheo cha Lucknow, mji mkuu wa Uttar Pradesh, tuseme ukweli, kilitokana na ugomvi wa wanaume. Mpango wa Kamaraj, kiongozi wa Congress, uliwataka viongozi wakubwa waache serikali wakajenge chama, waziri kiongozi wa jimbo, C. B. Gupta, akang'atuka, na kundi lake likamsimamisha Sucheta dhidi ya mahasimu wao. Huenda walitarajia mtu laini. Watumishi wa serikali ya jimbo walipogoma kudai nyongeza ya mishahara, mgomo ukadumu siku 62, naye hakutetereka hadi viongozi wao walipokubali maafikiano. Kwa mwanamke aliyelelewa na harakati za migomo na jela za Mwingereza, huo ulikuwa ukali wa kushangaza.

Aliondoka Lucknow Machi 1967, akarudi bungeni kuwakilisha Gonda, akastaafu 1971 na kufariki miaka mitatu baadaye. Uttar Pradesh haikuongozwa tena na mwanamke hadi Juni 1995, alipoapishwa Mayawati, binti wa Dalit, jamii ya chini kabisa katika mfumo wa matabaka wa India, ambaye hakutoka Congress.