Kichanga, Feri na Daraja

Sisi wauguzi wa Sengerema tulijua ratiba ya feri kuliko manahodha wenyewe. Kichanga akishindwa kupumua, rufaa ni Bugando, hospitali iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, na katikati kuna maji: Busisi upande wetu, Kigongo ng'ambo. Gari likipatikana, swali la kwanza lilikuwa mafuta, na ndugu walichangishana palepale mlangoni. Mimi nilishika mtungi wa oksijeni. Mtoto tulimfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia ya sufu kichwani, kanga juu. Wapo walioona ni ushamba, wakataka mashine ya joto. Mashine ipi, na umeme wa wapi kwenye feri? Madaktari wa Bogotá, Kolombia, waliianza mbinu hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa shida kama yetu: mashine hazikutosha.

Mwaka 2013 ukaja m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga, ukianzia Sengerema na Shinyanga. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Ujanja wenyewe, kwa maoni yangu, ni hayo malipo: hakuna tena kubishania nauli na baba wa mtoto usiku wa manane. Aprili 2022 Rais Samia akauzindua kitaifa. Namba ya kupiga ni 115, bure.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Sasa gari halingoji feri; muuguzi awahi kupiga simu Bugando, ataje uzito, joto na sukari ya mtoto, maana gari laweza kufika kabla kitanda hakijaandaliwa.