Mpiga Selo, Mpiga Solo

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba leo usiku okestra inaongozwa na kondakta mgeni, atakuuliza: wa ruti gani? Neno hilo limeshachukuliwa na daladala, wala sioni sababu ya kulidai. Konda naye haendeshi gari, lakini akigonga bodi gari linasimama au linaondoka. Mwenzake wa okestra ana kifimbo tu, na hatoi hata noti moja. Hata hivyo naandika kiongozi wa okestra, tusije tukadaiwa nauli.

Huyo "mgeni" ndiye mwenye utata. Kwetu mgeni ni yeyote aliyefika, hata asiyetarajiwa. Okestra huwa na kiongozi wake wa kudumu, na wa nje huitwa kwa onyesho moja au mawili. Basi na awe kiongozi mwalikwa. Ila mgeni ana utamu wake, maana humleta na mwenyeji. Tarehe 27 Oktoba 1919, katika ukumbi wa Queen's Hall, London, Edward Elgar alipanda jukwaani kuiongoza London Symphony Orchestra katika konseto yake mpya ya selo. Vipande vingine vya jioni ile viliongozwa na Albert Coates, ambaye wakati wa mazoezi alikula muda wa Elgar. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji alipona, mgeni akaaibika. Konseto ilipigwa ovyo.

Selo yenyewe haihitaji jina jipya. Wanataarabu wa Unguja wanaipiga siku nyingi pamoja na fidla, udi na kanuni. Wapo wanaopenda "zeze kubwa", lakini zeze lina wenyewe, Wagogo, na si selo changa.

Solo nayo tulishapewa na muziki wa dansi: gitaa la solo, la ridhimu, la besi. Elgar anaifungua konseto kwa selo tupu, inayopiga nyuzi kadhaa kwa pamoja, nzito. Baadaye kidogo viola zinaingia na wimbo wao. Aliyeshika upinde siku ile alikuwa Felix Salmond, mpiga selo na mpiga solo, na sikio la Kiswahili linafurahia irabu moja inayoyatenga maneno hayo. Nyuma yake, kwenye safu ya selo za okestra, alikaa kijana John Barbirolli: mpiga selo, si mpiga solo. Mwaka 1965 yeye ndiye aliyeiongoza okestra hiyohiyo Jacqueline du Pré aliporekodi konseto hiyo, na hiyo ndiyo rekodi iliyoitangaza duniani.